Tupeane uzoefu: Operesheni Vijiji, mahame ya kwenu yako wapi?

Wakuu, habari za jioni. Wenye umri wao, shikamooni.

Juzi nilimpeleka baba mahame, pale walipoishi zamani kabla ya kuhamishwa, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kijijini kwetu, Masasi. Hakuwahi kunipeleka tangu nizaliwe. Alishuka kwenye bodaboda, akavua kofia, akapita kwenye majani marefu bila kuuliza njia. Alipofika akaniita: "Njoo uone jiko la bibi yako." Mafiga mawili yako palepale. La tatu limebebwa juu na mzizi wa mkorosho.

Walihamishwa na serikali kwenda kijiji kipya kwenye Operesheni Vijiji mwaka 1974, yeye akiwa na miaka 21. Babu alikuwa na mikorosho zaidi ya mia, na kule kijijini walikopelekwa hawakuwa na hata mmoja. Kwenda kupalilia na kuokota ukawa msafara. Waliobaki na nguvu walikwenda, wazee wakaiacha ikamezwa na pori. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Katikati ya miaka ya 80 hatukufikisha hata 20,000 kwa baadhi ya misimu. Najua ugonjwa wa ubwiri unga na bei mbovu vilichangia. Lakini mkorosho usiopaliliwa haukungoji, na mimi nimeona ya babu kwa macho yangu.

Kwa vijana: baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilihimiza vijiji vya ujamaa kwa hiari. Wapo walioanza wenyewe hata kabla ya hapo, kama watu wa Litowa kule Songea, na chama chao cha maendeleo Ruvuma kikapigwa marufuku Septemba 1969. Kisha Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, kila mtu awe amehamia ifikapo mwisho wa 1976. Ilikuwaje kwenu?

Mgogo wa Bahi

Kwetu ilianza mapema, Operesheni Dodoma, 1971. Mama anasema lori lilikuja asubuhi, mgambo wakaanza kubomoa tembe, nyumba yetu ya udongo, huku uji ukiwa jikoni. Akapakia kinu, mtungi, kuku watatu na mdogo wangu mgongoni. Kilichomuumiza ni kwamba kule walikoshushwa hapakuwa na nyumba. Palikuwa na vigingi vimepangwa mistari, kila kaya na kigingi chake. Wamelala chini ya mbuyu wiki tatu.

Ng'ombe je? Mgogo anakaa mbali na mwenzake kwa sababu ya malisho. Ukizikusanya kaya mia tatu mahali pamoja, nyasi zinaisha kabla ya kiangazi kufika katikati. Hilo babu zetu walilijua, ila hakuna aliyewauliza.

Wa Rombo

Sisi hatukuhamishwa. Kihamba, yaani shamba la nyumbani, kimegusana na kihamba, migomba na kahawa, mtahamishiwa wapi? Nimesoma hapo juu na nimenyamaza. Poleni sana.

Mwalimu Mstaafu

Vijana wangu, mimi nilikuwa upande wa pili. Mwaka 1974 nilikuwa mwalimu mgeni mkoani Iringa, nikapewa daftari niandike majina ya wanaopakiwa. Wakubwa walikuja na hofu, kwa sababu habari ya Isimani ilikuwa bado mbichi: Desemba 25, 1971, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Klerruu, kisha akahukumiwa kunyongwa. Hakuna aliyeitaja kwa sauti, lakini kila mtu aliifikiria.

Ukame ulikuwepo, msiusahau. Ila tuliwahamisha wengine wakati mbegu ziko ardhini, na hilo ni kosa letu. Baadaye njaa ikaja, tukala unga wa njano kutoka nje, ule watu waliouita yanga.

Niseme na hili, maana ni kweli pia. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza mwaka 1977, nilipokea darasa la kwanza watoto tisini chini ya mti, wengi wao wa kwanza katika ukoo wao kushika kalamu. Wangetawanyika kama zamani, nisingewapata. Nayabeba yote mawili, na siwezi kutua hata moja.

Mwana wa Mbulu

Huku kesi za ardhi ndizo zilizofuata. Baada ya Mwalimu kung'atuka 1985 watu wengi walirudi mahame wakakuta wengine wameshagawiwa ardhi yao. Baba yangu alidai shamba la babu miaka sita, nauli ya kwenda mahakamani ikala mbuzi wote. Mwaka 1992 ikatungwa sheria ya kufuta haki za kimila kwenye ardhi iliyogawiwa na vijiji. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, na Katiba inailinda. Siku hiyo baba alichinja jogoo. Ndiye mfugo pekee aliyebaki.

Mwanzisha mada

Ahsanteni sana. Nimemsomea baba yote, akanisimamisha kwa Mwalimu Mstaafu. Anauliza: zile daftari mlizipeleka wapi? Anataka kujua kama jina la mama yake limo.

Mwalimu Mstaafu

Mfikishie mzee salamu zangu. Siwezi kusemea Masasi. Kwetu tulizikabidhi ofisi ya kata. Tuliandika jina la mkuu wa kaya, halafu pembeni idadi ya watu. Kama babu yako alikuwa hai, bibi yako yumo kwenye idadi. Jina halimo.