Duara la mita 20 linatoka yai: poni wa watoto na michoro ya dresaji

Kibosho_Juu (Moshi)

Habari zenu wakuu. Tuna poni (farasi wadogo) wanne, kimo kati ya sm 115 na 130, na watoto wa miaka 8 hadi 13. Kwenye tandiko wanakaa vizuri, troti (mbio ndogo) wanaimudu, kanta (mbio za kasi zaidi) bado. Tunataka kuanza michoro ya dresaji, yaani kumpanda farasi kwa njia zilizopangwa uwanjani: maduara, nyoka (njia ya kupinda kushoto na kulia), mshazari (kukatiza uwanja kutoka pembe hadi pembe) na mstari wa kati. Uwanja ni kipande tambarare cha kama mita 25 kwa 50, udongo mwepesi, nyasi zimeshaisha.

Shida ni kwamba duara la kipenyo cha mita 20 linatoka yai, kona zinakatwa, na kuna poni mmoja kila akipita upande wa geti anavutwa huko, mtoto avute asivute. Naomba sheria za msingi za kuongoza poni kwenye michoro hii, na vipimo kamili. Ushauri wa "mfundishe amsikie farasi wake" nimeshaupata wa kutosha.

Maranda_Makavu (Arusha)

Mkuu, anza na uwanja kabla hujamlaumu poni. Kwa nafasi yako pima uwanja mdogo, mita 20 kwa 40. Piga pegi nne, kisha pima mishazari yote miwili kwa kamba isiyovutika: kila mmoja uwe mita 44.72. Ikitofautiana, uwanja umekaa upande na mchoro wowote utakaochora humo utakaa upande vilevile.

Herufi, ukianzia katikati ya upande mfupi wa kuingilia na kwenda kwa mwendo wa saa: A, K, E, H, C, M, B, F. Watoto wanazishika haraka kwa sentensi: Asha Kaenda Engaruka Huku Chui Mkubwa Bado Fichoni. K, H, M na F ziko mita 6 kutoka kona. E na B ziko katikati ya pande ndefu, yaani mita 14 kutoka herufi za jirani. X ni katikati ya uwanja, haina alama. Ndoo za rangi za lita 20 zilizoandikwa herufi zinatosha, ziweke nje ya mstari kama nusu mita ili mguu wa mtoto usigonge.

Sasa yai. Watoto wengi huambiwa "toka A, gusa K, nenda X, gusa F". Kosa liko hapo. Duara la mita 20 linaloanzia A linagusa upande mrefu mita 10 kutoka kona, na K iko mita 6 tu. Kwa hiyo mahali pa kugusa ni mita 4 baada ya K kuelekea E, na hivyohivyo upande wa F. Anayelenga K anaingia kwenye kona, halafu analazimika kunyoosha mstari mpaka X, na hilo ndilo yai lenyewe. Tena akigusa ukingo asiufuate: ni hatua moja tu, kisha anauacha.

Kulichora: pegi kwenye mstari wa kati, mita 10 kutoka A, kamba ya mita 10, zunguka ukimwaga maranda. Usitumie chokaa, vumbi lake linawasha macho ya poni na ya watoto. Watoto walitembee kwanza kwa miguu yao. Halafu wakiwa juu ya poni wahesabu hatua za kila robo kwa sauti. Robo moja ni kama mita 15.7, kwa hiyo idadi inatakiwa ifanane. Robo ya kwanza ikiwa hatua 9 na ya pili 13, mtoto anajua mwenyewe alipopotea, huna haja ya kupiga kelele kutoka katikati.

Hatamu_ya_Nje (Usa River)

Vipimo naviunga mkono. Ila duara likishachorwa chini, poni bado anaweza kulitoka, na sababu ni mbili.

Likipanuka, mtoto anavuta hatamu ya ndani. Shingo inakunjika, bega la nje linatoroka, na poni anaendelea kwenda nje huku anaangalia ndani. Kinachomgeuza ni hatamu ya nje kulizuia bega, ikiwa imelala kwenye shingo bila kuvuka upande wa pili, pamoja na mguu wa nje uliorudi nyuma ya mshipi wa tumbo kwa upana wa kiganja. Hatamu ya ndani inaomba kichwa kigeuke kidogo tu, kiasi cha mtoto kuona kope za jicho la ndani. Akiona shavu zima amezidisha. Mguu wa ndani unabaki kwenye mshipi na ndio unaomsukuma mbele.

Likisinyaa, tazama mtoto kabla ya poni. Mara nyingi kalalia ndani kama abiria wa bodaboda kwenye kona, na poni anafuata uzito. Kaa sawa makalio yote mawili, macho yawe robo moja ya duara mbele. Anayetazama masikio ya poni wake hawezi kupanda duara, na hilo halina mjadala.

Kona: kwa kiwango chenu panda kila kona kama robo ya duara la mita 10. Hatua tatu kabla, toa breki ndogo: nyoosha mgongo, funga vidole hatua moja, achia. Achia ndiyo sehemu inayosahaulika, na vidole vikibaki vimefungwa poni anajifunza kuegemea lijamu. Nyie mna kona zinazokatwa kwa sababu breki inakuja ndani ya kona, wakati poni ameshaamua njia yake.

Mstari wa kati: ukitoka E kupitia K kwenda kugeukia A, unapanda nusu duara la mita 10. Maana yake unaanza kugeuka mita 5 kutoka upande mfupi, yaani mita moja tu baada ya K. Akichelewa anaupita mstari na kurudi kwa kuyumba, na jaji aliyekaa C anaona kila kitu kwa sababu anatazamana nanyi. Ukishageuka, tazama C, songa mbele. Poni anayetambaa ndiye anayeyumba.

Nyoka wa vitanzi vitatu kutoka A hadi C: kila kitanzi mita 13.33. Mnavuka mstari wa kati mita 13.33 kutoka A, na mara ya pili mita 13.33 kabla ya C. Kitanzi cha kati kinagusa E au B. Pale pa kuvuka poni awe amenyooka hatua mbili tatu, akitazama ukingo wa pembeni moja kwa moja, ndipo mtoto abadilishe upande na abadilishe pia mpigo wa kuinuka (kwenye troti mpandaji huinuka na kukaa kwa zamu) kwa kukaa mipigo miwili. Kwenye troti anainuka bega la nje la poni linapokwenda mbele. Kwenye mshazari abadilishe juu ya X.

Na sheria ya herufi: tendo linafanyika mwili wa mpandaji ukiwa sawa na herufi, si pua ya poni. Isipokuwa mkibadilisha mwendo mwisho wa mshazari, hapo ni pua ikifika njia ya ukingoni, ili poni awe bado amenyooka.

Kibosho_Juu (Moshi)

Nashukuru sana, la K limenifungua macho. Naweza kuweka koni kila robo ya duara? Na huyu wa geti je? Pia watoto wawili wadogo bado wanaongozwa na saisi kwa kamba, sijui saisi akae upande gani.

Maranda_Makavu (Arusha)

Koni weka. Mbili mbili, upana wa mita 1.5, wapite katikati.

Hatamu_ya_Nje (Usa River)

Hapa tunatofautiana. Mtoto akipewa koni analenga koni, anapanda mistari minne iliyonyooka na kuiita duara. Kama lazima, ziwepo vipindi viwili vya kwanza kisha ziondoke.

Kwato_Nne (Arusha)

Poni wa geti kwanza mkague. Tandiko limelalia upande? Mikanda ya vikuku vya kukanyagia imefungwa tundu lilelile pande zote mbili? Hesabu, usikadirie. Kinywa kina kidonda, meno yana makali? Uzito wa mtoto pamoja na tandiko usizidi asilimia 20 ya uzito wa poni, kwa hiyo poni wa kilo 220 mwisho wake ni kilo 44, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Poni akivutwa upande mmoja popote uwanjani, mara nyingi hiyo ni maumivu au tandiko. Akivutwa kwenye geti tu, ni tabia, na mara nyingi nyie ndio mmemfundisha: anashukiwa getini, anavuliwa getini, anapewa karoti getini. Geuza. Kazi ifanyike karibu na geti, mapumziko na hatamu ndefu viwe upande wa mbali, na kushuka kuwe juu ya X. Akikaribia geti mtoto asivute kwenda ndani, aongeze mguu ulio upande wa geti hatua nne kabla ya kufika. Baada ya bega kutoroka umechelewa, anza mchoro upya.

Saisi: upande wa kushoto, sawa na bega la poni, mkono wa kulia kama sm 30 kutoka kwenye ndoano, kamba iliyobaki imekunjwa mkononi na si kuzungushwa mkononi, vidole vinakatika hivyo. Kwenye duara la kushoto saisi yuko ndani na bila kujua anamvuta poni, duara linasinyaa. Mwambie atembee ndani kidogo ya mstari uliouchora, poni ndiye awe juu ya mstari, na kamba iwe legevu. Kugeuka pale pale, amsukume poni kwenda kulia, asimvute juu ya miguu yake.

Wakiwa wanne pamoja: nafasi ya poni mzima kati yao, mtoto aone kwato za nyuma za aliyetangulia katikati ya masikio ya wake. Anayepiga mateke awe wa mwisho na afungwe utepe mwekundu mkiani. Wanaokutana wapishane mkono wa kushoto kwa wa kushoto. Anayetembea aiache njia ya ukingoni kwa wenye troti, na hakuna kusimama juu ya njia hiyo.

Muda: kwa joto la Moshi fanyeni asubuhi, dakika 30 hadi 40 zinatosha, kumi za kwanza kutembea tu. Mwagia uwanja maji kabla, vumbi lake linaingia mapafuni. Msisogeze mazoezi mpaka magharibi mkikimbia jua, huo ndio muda wa usubi, na usubi ndio wanaoeneza ule ugonjwa unaoua farasi (African horse sickness). Kama poni wako hawajachanjwa, muone daktari wa mifugo kabla ya masika.