Allion (1NZ) stata inazungusha vizuri ila haiwaki tangu nipite kwenye maji. Naombeni ushauri kabla sijanunua pampu

Dada wa Tabata
Habari zenu wakuu. Gari ni Toyota Allion, injini 1NZ-FE. Juzi mvua ilipokuwa kubwa nilipita Jangwani, maji yalikuwa yamefika karibu nusu ya tairi. Gari ilinifikisha nyumbani bila shida. Kesho yake asubuhi napiga stata, injini inazunguka kwa nguvu kabisa lakini haishiki, hata kukohoa haikohoi. Fundi kabadilisha plagi zote, hali ni ile ile. Kisha akaweka swichi ON, akasikiliza kwenye kiti cha nyuma, akasema pampu ya mafuta imekufa maana haisikiki. Pesa ya pampu ninayo, ila nikinunua na gari isiwake nitakwama kabisa. Nianzie wapi?

Spana 10
Pole sana dada. Kwanza kabisa usipige stata tena mpaka ufungue boksi la filta ya hewa. Ukikuta filta imelowa, maji yanaweza kuwa yameingia kwenye silinda, na maji hayashindiliki kama hewa, yanapindisha konektingi rodi. Chomoa na dipstiki uangalie oili, ikiwa na rangi ya maziwa kuna maji ndani.

Dada wa Tabata
Filta ni kavu na oili iko kawaida.

Dereva wa Bara
Hiyo ni pampu, fundi yuko sahihi. Pampu nzima ukifungua ON lazima uisikie ikivuma sekunde mbili tatu.

Fundi Umeme
Mkuu, hilo ni kweli kwa magari mengi ya Ulaya. Toyota nyingi za umri huu pampu haivumi kwenye ON. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) inairuhusu stata inapozunguka na sensa ya krenki, yaani shafti kuu ya injini, inapotoa taarifa kwamba injini inazunguka. Kimya cha ON hakijathibitisha kitu, kwa hiyo dada, shika pesa yako.

Naomba majibu haya. Ukiwa ON, taa ya cheki injini inawaka? Isipowaka, kontroli boksi yenyewe haina umeme, tuanzie kwenye fyuzi na rilei ya EFI (mfumo wa umeme wa kupeleka mafuta). Kuna taa ya alama ya funguo (ya mfumo wa kuzuia wizi) inayomweka? Na wakati stata inazunguka, mshale wa RPM unanyanyuka hata kidogo, au umelala kwenye sifuri? Halafu mwambie fundi achomoe soketi za nozeli (zinazonyunyizia petroli kwenye injini) ili petroli isimwagike, ndipo apime cheche kwenye koili zote nne. Stata isizidi sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe.

Dada wa Tabata
Cheki injini inawaka. Taa ya funguo haimweki. Mshale wa RPM haunyanyuki kabisa. Fundi kapima, hakuna cheche kwenye koili hata moja.

Fundi Umeme
Sasa tunaelewana. Koili nne haziwezi kufa usiku mmoja zikiwa zimekaa juu kabisa ya injini. Kuna kitu kimoja kinachozilisha zote, na ukijumlisha mshale uliolala, mimi namshuku sensa wa krenki. Bila yeye kontroli boksi haijui pistoni iko wapi, kwa hiyo inazuia cheche na nozeli, na pampu nayo haipati ruhusa. Ndiyo maana watu wanabadilisha plagi, koili, pampu, na tatizo liko pale pale. Kwenye 1NZ sensa hiyo iko chini upande wa puli ya krenki, ina waya mbili, na ndiko maji ya barabarani yanakoruka. Chomoa soketi, angalia matope na kutu. Pima sensa kwa mita, ikionyesha waya umekatika ndani, imekufa. Mashine ya kusoma kodi za hitilafu ikileta P0335, yaani hitilafu ya saketi ya sensa ya krenki, inaelekea huko huko, ingawa kodi hiyo inaweza kuletwa na waya pia, sio sensa pekee.

Spana 10
Naongezea: 1NZ inatumia cheni, sio mkanda, kwa hiyo habari ya taimingi kukatika iweke mwisho. Na usafishaji ufanywe kwa dawa ya kusafishia soketi za umeme, sio kwa petroli.

Dada wa Tabata
Mrejesho wakuu. Soketi ilikuwa na maji ya matope ndani na pini moja ina ukijani. Imesafishwa, ikapulizwa upepo, ikarudishwa. Mshale ukanyanyuka na gari ikawaka. Nashukuruni mno, jamani. Je, nibadilishe sensa au niiache?

Fundi Umeme
Hongera dada. Sensa iache, ila soketi ibadilishwe, maana ukijani ule utarudi na gari itakuzimikia ukiwa njiani. Tafuta soketi ya kukata (iliyotolewa kwenye gari jingine) yenye raba yake, waya ziunganishwe kwa risasi na zivikwe mpira wa kubana kwa moto. Kuzisokota na kuzifunga solotepu hapo chini hakutafika masika yajayo.