Skuli ndogo huku Mshomoroni, Mombasa: nimwache mtoto mpaka gredi ya 9 au nimtoe?

Mama wa Mshomoroni

Asalaam aleikum wazazi. Nataka mnisaidie kufikiri, maana mimi na baba watoto tumebishana mpaka chai imepoa.

Kijana wetu yuko gredi ya 5 katika skuli ndogo ya kulipia, dakika tano kwa miguu kutoka nyumbani. Jina silitaji, mtoto bado yuko mikononi mwao. Skuli nzima haifiki watoto mia, darasani kwake wako tisa. Ni nyumba ya kukodi, ya ghorofa moja; kiwanja ni ile nafasi iliyobaki baina ya ukuta na tangi la maji. Wakitaka kutimiza timu ya mpira huazima wasichana wa gredi ya 4. Na hao wasichana ndio wafungaji, lakini hayo ni mengine.

Kilichonifunga hapo ni hiki. Mwaka jana nilikuwa na mtoto mchanga, asubuhi kwangu ni vurugu tupu. Namtilia kijana mahamri mawili kwenye kikopo ale saa nne, namsukuma mlangoni. Haikupita wiki, mwalimu wake akanipigia simu: "Mama, huyu kikopo chake yuwakifungua saa moja na nusu, hata kengele haijalia. Nyumbani yuwanywa chai?" Nikanyamaza. Mimi nilidhani babake humpa. Babake, ambaye huondoka na tuktuk alfajiri, alidhani nampa mimi. Mwalimu hakunisuta wala hakunipa mawaidha, aliniambia tu niongeze hamri la tatu. Sasa niambieni, skuli ya watoto elfu moja, kikopo hicho angekiona nani?

Kasoro nazijua. Gredi ya 5 na ya 6 zimetenganishwa kwa plaiwudi. Kijana yuwajua masomo ya upande wa pili kuliko ya kwake. Juzi ameniimbia sehemu za ua zote, nikamuuliza hesabu yake ya sehemu akatazama dari. Maktaba ni kabati, ufunguo uko mfukoni mwa mwalimu mkuu. Na kila mwisho wa muhula aniletea nambari ya kwanza, nami sijui nifurahi au vipi: wa kwanza kati ya tisa, na wawili katika hao tisa huwa hawaji.

Sasa wametutangazia kwamba mwaka wa gredi ya 7 ukifika watafungua darasa ghorofa ya juu, hakuna haja ya kuhama. Babake ataka tumpeleke skuli ya serikali sasa hivi. Wenye uzoefu nisaidieni.

Dada wa Majengo

Wangu wawili wako skuli ya serikali. Darasa limejaa, mwalimu hana hata pa kupita baina ya madawati, na daftari hurudi bila kusahihishwa, si uongo. Lakini gredi ya 7 mwanangu yuwasomeshwa sayansi na mwalimu aliyesomea sayansi, aliyeletwa na TSC, tume ya serikali ya kuajiri walimu. Kikopo nitakiangalia mwenyewe.

Baba wa Likoni

Dada umenichekesha, ila na mimi niseme langu.

Binti yangu nilimwacha skuli ndogo kama hiyo, nikaingia mtego wa "ghorofa ya juu". Mpaka gredi ya 6 sina lawama. Alikuwa na kigugumizi, na mwalimu wake alikuwa akimsomesha kwa kuimba mpaka maneno yakafunguka. Nilipokuwa sina karo alisoma muhula mzima, hakufukuzwa siku hata moja. Mwenye skuli alikuwa akinipigia simu, "Baba, leta hata kidogo," basi.

Lakini hapo hapo ndipo penye ugonjwa, na ilinichukua muda kuuona. Skuli kama ile haina mfuko mwingine, yaishi kwa karo yetu. Mimi nikichelewesha, na wenzangu watatu wakichelewesha, na mmoja akihama, basi mshahara wa mwalimu ndio umekwenda. Mwaka wa gredi ya 7 binti alibadilishiwa mwalimu wa hisabati mara nne. Wa tatu nilikutana naye kwenye feri, akaniambia hajalipwa tangu muhula ulipoanza. Nikatazama maji. Nilikuwa nadaiwa.

Maabara ilikuwa meza na sinki lisilo na bomba. Taa ya gesi ya maabara aliijua kwa kuchorewa ubaoni, na aliichora vizuri kweli kweli.

Jambo ambalo hatukuelezwa, hesabu ya alama za kwenda sekondari ya juu: mtihani wa KPSEA wa gredi ya 6 ni asilimia 20, kazi za kupimwa skulini gredi ya 7 na 8 ni asilimia 20, na mtihani wa KJSEA wa gredi ya 9 ni asilimia 60. Kwa hiyo ile miaka miwili ya katikati yahesabiwa, na anayeipima ni mwalimu aliye mbele ya mtoto wako. Kama huyo mwalimu hubadilika kila muhula, nani atamjua? Mimi nilimhamisha gredi ya 8, katikati ya mwaka, na sikushauri. Wewe kama ni kuhama, hama baada ya gredi ya 6, si katikati ya mwaka kama mimi.

Mwalimu mstaafu, Tudor

Plaiwudi isikutie hofu. Nimefundisha madarasa mawili katika chumba kimoja, na mtoto mwepesi hufaidika. Huyo wako anaonekana kuchoka na anachofundishwa, ndiyo maana anasikiliza jirani.

Ya kuuliza ni mawili, na uombe kuonyeshwa, usikubali kuambiwa. La kwanza, kibali cha kufundisha sekondari ya chini, yaani gredi ya 7 mpaka 9. Kuwa na kibali cha msingi hakutoshi. La pili, watoto wa gredi ya 6 wanafanyia mtihani wapi. Skuli nyingi ndogo si kituo cha mtihani, watoto husajiliwa na kuketi kwa jirani. Si kosa, lakini mzazi ajue mapema, maana jina likikosewa huko utahangaika wewe.

Halafu panda hiyo ghorofa ya juu ukaione.

Mama wa Mshomoroni

Ahsanteni nyote. Nimekwenda leo.

Mtihani hufanyia skuli ya jirani, hilo wamenijibu bila kuzungusha. Kibali cha gredi ya 7 "kinashughulikiwa". Juu nimepanda: chumba kimoja kina madawati yaliyovunjika miguu na mkeka wa mlinzi wa usiku, cha pili ndicho maabara. Sinki lipo, Baba wa Likoni. Nilitaka kucheka, nikajizuia.

Wakati wa kushuka nikakutana na mwalimu wa kikopo. Nikamuuliza kama gredi ya 7 atakuwa yeye. Akasema ameomba kazi TSC na kila siku yuwatazama simu. Miaka sita yuwangoja, na ana watoto wawili. Ningemwambia nini? Nilimwombea apate, na nilimwombea kwa moyo.

Gredi ya 6 kijana atamalizia hapo, awe huyo mwalimu yupo au hayupo, maana kijana hutoka saa tisa na saa kumi yuko chuoni kwa maalim, na hapandi gari. Gredi ya 7 atatoka. Babake nimemwambia, amejibu "si nilisema," na mjadala umeisha. Kijana ameuliza kitu kimoja tu, kama huko serikalini wasichana pia hucheza mpira, maana bila wasichana wao hawafungi.