Naombeni ushauri: nakaribia kukoma hedhi, hofu inanivaa nikiwa kazini na msimu wa korosho unakaribia

Karani wa Mizani

Habari zenu wanajamvi, na wakubwa shikamooni. Naandika saa tisa usiku. Nimeamka tena nimelowa jasho, nimebadilisha kanga ya pili, na usingizi ukishakatika hivi haurudi mpaka adhana.

Nina miaka 48. Ni karani wa chama cha msingi cha wakulima wa korosho huku Mtwara Vijijini, mwaka wa 14 sasa. Kazi yangu ni mizani na kitabu: mkulima akileta mzigo tunapima, nasoma kilo, naandika stakabadhi, namkatia nakala yake. Wanaoijua kazi hii watanielewa. Mtu amepalilia, amepulizia salfa, ameokota, amekausha, amekodi bodaboda mpaka ghalani, halafu anasimama mbele yako anaitazama kalamu yako. Ukikosea tarakimu moja, kwake umemwibia.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alikuja mzee mmoja na gunia tatu. La tatu mizani ilisoma 86. Niliiona kwa macho yangu. Palepale joto likanipanda kutoka kifuani hadi shingoni, masikio yakawaka, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimekimbizwa. Ikanijia hofu ambayo sijui niielezeje, kwamba kuna jambo baya linatokea sasa hivi na mimi ndiye nimelifanya. Tone la jasho likadondokea kwenye kitabu, wino ukasambaa. Mkono ukaandika 68. Mzee akachukua nakala, akaisogeza karibu na macho, akaniangalia. "Mwanangu, hata wewe?"

Tulirekebisha mbele ya watu wote, na mzee akapata kilo zake 18. Lakini maneno yale hayajanitoka hadi leo.

Tangu hapo hofu ni ya kila siku. Nikisikia pikipiki ya mzigo inaingia, tumbo linakaza. Narudia hesabu mara nne, mara tano. Nasahau majina ya watu ninaowajua miaka yote. Siku zangu nazo zimevurugika: miezi miwili kimya, kisha damu siku tisa, nzito, yenye mabonge. Nilikwenda zahanati moja, nikapimwa presha, nikaambiwa niko sawa, nipunguze mawazo.

Mama yangu alifariki mapema, sina wa kumuuliza. Nikiwa unyagoni somo wangu alinifundisha kila kitu kuhusu kuvunja ungo. Kuhusu siku ambayo damu itakatika sikuambiwa neno hata moja, na nadhani hata yeye hakuambiwa.

Sasa ghala linafagiliwa, mwezi wa kumi msimu unafunguliwa. Meneja wetu ni kijana, umri wa mwanangu wa kwanza. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, iko kwenye mkoba, bado sijatia tarehe. Nina mtoto chuoni na mwingine kidato cha tatu.

Naombeni mnisaidie: hofu hii kweli inatokana na kukoma hedhi, au akili yangu imeanza kuumwa? Na meneja nimwambie? Nitaanzia wapi?

Binti wa Mikindani

Pole sana dada. Nimesoma hapo kwenye "hata wewe" nikasimama kwanza. Usitie tarehe kwenye hiyo barua, subiri wakubwa waje.

Baba Zainabu

Pole mama. Mimi ni mwanaume, niko Masasi, naomba niseme nililoliona. Mke wangu ana miaka 51. Kwa mwaka mzima nilidhani amenichoka. Usiku anatupa shuka, anafungua dirisha, anakwenda kukaa barazani peke yake. Nikimuuliza ananijibu kwa ukali, kisha analia. Nikaanza na mimi kununa. Siku alipofungua mdomo akasema "naogopa na sijui naogopa nini", ndipo nikajua hatugombani. Tulikwenda wote hospitali ya Ndanda, nikakaa naye kwa daktari nikasikia kwa masikio yangu. Hujamtaja mumeo kwenye maelezo yako. Kama yupo, mwambie yeye kwanza kabla ya meneja.

Nahodha75

Dada usidharau, hali kama hiyo inaweza kuwa upepo mbaya, hasa hapo penye watu wengi wenye kijicho na fedha. Tafuta mtu akusomee.

Mkunga Mstaafu

Mdogo wangu, mimi niko Lindi, nimefanya kazi ya ukunga miaka 31. Nahodha sikupingi kuhusu dua, dua inatuliza moyo na mimi mwenyewe naomba. Ila damu ya siku tisa yenye mabonge inahitaji kupimwa, na asomewe huku akiwa ameshapimwa.

Nianze na hofu. Mwanamke tunasema amekoma hedhi akitimiza miezi 12 mfululizo bila kuona damu, na wengi hufika hapo kati ya miaka 45 na 55. Lakini tabu haisubiri hiyo miezi 12. Huanza miaka kadhaa kabla, siku zinapovurugika, na huko ndiko uliko wewe. Watu hudhani homoni ya estrojeni hushuka kama maji ya kupwa, taratibu na kwa mpangilio. Haiko hivyo. Inapanda, inashuka, inapanda tena. Sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili inakuwa nyepesi kushtuka: joto likiongezeka kidogo tu inachukulia kwamba unaungua, inafungua mishipa ya ngozi, inatoa jasho, moyo unakimbia. Akili nayo ikikuta moyo unakimbia na hakuna simba, inatafuta sababu. Wewe ulikuwa na mizani mbele yako, ikaishika mizani. Ongeza usingizi unaokatika kila usiku, maana mtu asiyelala huogopa hata kivuli. Kwa hiyo hapana, hujawa mwendawazimu. Hata kusahau majina ni sehemu ya hali hii, na kwa walio wengi hupungua mwili ukishatulia.

Sasa kilichonishtua mimi ni damu. Ukivuja hivyo mwezi baada ya mwezi unaweza kuishiwa damu, na upungufu wa damu peke yake unatosha kuufanya moyo udunde, pumzi ikate na kichwa kizunguke. Unaweza kuwa na mambo mawili yanayofanana sura. Nenda hospitali ya Ligula hapo Mtwara, usiishie kwenye presha. Waombe wakupime wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo maana nayo ikizidi kufanya kazi huleta jasho na moyo kukimbia, na utrasaundi ya kizazi. Kwa umri wako huhitaji kuhangaika na vipimo vya homoni, kwa sababu leo vitasoma hivi na wiki ijayo vile; maelezo yako yanatosha. Ukiwa huko, fanya pia uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi kama hujafanya. Na likikushika siku moja bano la kifua linaloenda mkononi au kwenye taya, hapo usiseme ni komahedhi, kimbia hospitali.

Kitu kimoja nakukataza: usiende duka la dawa kununua vidonge vya usingizi ukavimeza kila usiku. Nimeona wanawake walioanza kwa kimoja wakashindwa kuviacha.

Joto likikupanda kazini, weka kalamu chini. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, polepole, mara nane au kumi. Ile pumzi ndefu ya kutoa ndiyo inayoutuliza moyo. Wimbi lenyewe kwa kawaida halizidi dakika chache. Usiandike tarakimu yoyote mpaka lipite.

Mwalimu wa Nachingwea

Mkunga kaeleza vizuri sana. Mimi nafundisha hesabu darasa la saba na nilipitia haya nikiwa na miaka 49. Nilikuwa nasimama ubaoni, watoto 70 wananitazama, nimesahau hatua inayofuata ya swali nililolifundisha miaka 20. Nilitoka darasani nikajifungia stoo ya vitabu nikalia.

Kilichonisaidia kwanza ni daktari wa wanawake. Alinihoji sana kabla ya kuniandikia tiba ya homoni: kama nimewahi kuwa na saratani ya matiti, damu kuganda miguuni, ugonjwa wa ini, au damu inayotoka bila sababu kujulikana. Ndiyo maana na wewe lazima hiyo damu ichunguzwe kwanza. Akanieleza kwamba mwenye kizazi hapewi estrojeni peke yake, lazima iende na homoni ya pili ya kukilinda kizazi. Kwangu dawa hazikupatikana karibu, nilikuwa naagizia Dar. Joto lilipungua ndani ya wiki chache, usingizi ukarudi, na hofu nyingi ikaondoka na joto.

Ile iliyobaki niliifanyia kazi na mshauri wa saikolojia, vikao sita. Alinifundisha kuiandika hofu yenyewe kwenye daftari: nilihofia nini, na kweli kilitokea nini. Jaribu hata peke yako. Mwaka wa 14 kwenye mizani, umeandika stakabadhi ngapi? Uliyokosea na ikarekebishwa ni moja. Iandike hiyo hesabu uione.

Wanaosema wewe unywe maji ya majani fulani tu yatosha, waulize wanajua kuna nini ndani yake. Mimi niliyanywa miezi minne. Kingine, chai ya rangi niliiacha jioni. Ilikuwa ngumu kuliko vyote.

Afisa Rasilimali Watu

Mama, kuhusu barua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi likizo ya ugonjwa hadi siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu, mradi ulete cheti cha daktari. Hakuna kifungu kinachotaja kukoma hedhi, na sioni ubaya wa kusema kwamba kinahitajika, lakini ugonjwa ni ugonjwa. Pia kiinua mgongo hulipwa mwajiri anapositisha ajira, sio wewe ukiondoka mwenyewe. Miaka 14 usiitupe kwa barua ya saa tisa usiku.

Kwa meneja huna haja ya kueleza mwili wako. Mwambie: "Niko kwenye matibabu, kuna nyakati napata joto na kizunguzungu cha muda mfupi, naomba mambo haya mawili au matatu." Nenda na maombi mkononi. Ukienda na malalamiko tu hatajua akufanyie nini.

Karani wa Mizani

Nimesoma yote, nimelia lakini sio kwa ubaya. Mume yupo, ni mvuvi. Nimemsomea uzi huu jioni hii. Alikuwa anashona nyavu, akaacha kushona mpaka nilipomaliza. Kesho ananipeleka Ligula.

Karani wa Mizani

Wanajamvi, mrejesho baada ya wiki tatu.

Wingi wa damu umesoma 8.4. Daktari akasema mwanamke asiye mjamzito anatakiwa afike 12, akashangaa nilikuwa nabebaje vitabu. Utrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye kizazi, sio mkubwa, sio wa kunitisha kwa maneno yake. Tezi na sukari viko sawa, mlango wa kizazi uko salama. Nimepewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya kupunguza kutoka damu. Tiba ya homoni tutaizungumza damu ikishapanda. Akanithibitishia kwamba hali ya kuelekea kukoma hedhi ipo pia, kama Mkunga ulivyosema, mambo mawili yanayofanana sura.

Meneja nilimwendea na karatasi yenye maombi matatu. Alisoma, akakaa kimya akizungusha kalamu, nikaona aibu inanipanda. Kisha akauliza, "Mama, meza unataka ikae upande gani?" Basi. Sasa meza iko mlangoni panapopita upepo. Nina chupa ya maji na kitambaa cha pamba cha kulowesha shingo. Na ombi la tatu, ambalo ndilo kubwa kwangu: kijana wa magunia anasoma kilo kwa sauti, mkulima anasikia, mimi narudia kwa sauti, ndipo naandika.

Jana tulijaribu kwa mzigo wa kwanza. Gunia la nne joto likanipanda. Nikaweka kalamu chini, nikawaambia "nisubirini kidogo", nikapumua kama nilivyofundishwa. Watu walisubiri. Mama mmoja mkulima, mtu mzima kuliko mimi, alichukua kipande cha boksi akanipepea bila kusema kitu. Nikaandika 79. Ilikuwa 79.

Mkunga, swali moja dada yangu: vile vidonge vimenifunga choo na tumbo linauma. Nilikuwa navimeza asubuhi na chai. Niviache?

Mkunga Mstaafu

Usiviache. Kwanza viondoe kwenye chai, chai inazuia madini ya chuma kuingia mwilini, utameza miezi na damu isipande. Meza kwa maji pamoja na chungwa, chai uinywe yakipita masaa mawili. Kula papai, kunywa maji ya kutosha. Choo kikiwa cheusi usiogope, ni rangi ya dawa. Tumbo likiendelea kuuma, mwombe daktari akuruhusu kumeza siku moja na kuruka moja, wengi hufanya vizuri hivyo. Rudi kupima wingi wa damu baada ya mwezi, na uniandikie hapa imesoma ngapi.