Re: Kwenda Strömstad Jumamosi, tubebe nini?

Habari zenu jamani. Jumamosi mi na mume wangu na watoto wawili tunataka kutoka Oslo twende Strömstad, kule Sweden, na gari, kila mtu anasema nyama kule nafuu. Hivi pasi inatakiwa au kadi ya ukaazi inatosha? Na mnarudi na kilo ngapi?

---

Salama dada. Bebeni vyote, pasi na kadi. Pale Svinesund, mpakani, unapita darajani kama unavuka flaiova ya Ubungo, huoni mtu, ila siku polisi wakiamua kusimamisha magari hutaki kuanza kujieleza na watoto wamelala nyuma. Kadi ikiwa imeisha muda ahirisheni tu.

Nyama kilo 10 kwa kila mtu, na jibini inahesabiwa humohumo. Mi mara ya kwanza nilienda peke yangu na madeli mawili, nikajaza mbavu na kuku, kurudi nikapita njia ya kijani ya forodha, ile ya wasio na cha kutangaza, kama sijui kitu, afande akaninyooshea mkono, akatoa mzani, mfuko baada ya mfuko kwenye baridi ile, kilo 17! Nikalipia zilizozidi na faini juu, unafuu wote ukaishia palepale. Kosa langu, ningepita njia nyekundu nikasema. Norway haimo EU ndo maana kuna forodha. Na viazi msibebe kabisa, haviruhusiwi.

Halafu wengi wanaishia Nordby, ile moli kubwa ukishavuka tu, wanajaza buti wanageuza, eti wameenda Strömstad. Mji wenyewe uko mbele, baharini. Anzeni huko, nyama nunueni wakati wa kurudi isije ikaharibika kwenye gari. Mkishuka bandarini kuna kamba, wameshachemshwa hukohuko baharini, unanunua kwa kilo unakaa gatini unakula. Mkiwa na muda pandeni boti ya kwenda visiwa vya Koster, watoto watapenda, kule watu wanazunguka na baiskeli. Kama mzee anataka kinywaji, duka la serikali Jumamosi linafunga saa 9 mchana na Jumapili halifungui.

---

Nyie wenye magari mna raha. Sie wa Göteborg, hukuhuku Sweden, tunakuja na treni, inaishia hapohapo Strömstad, ukishuka maji haya hapa. Hela taslimu msihangaike nazo, ni kadi ya benki tu.

---

Asanteni sana. Kaka, hao kamba wameshamenywa?

---

Mnamenya wenyewe dada. Bebeni ndimu na pilipili, kule watawapa mayonezi.