AP au PSEO kwa binti anayetaka udaktari wa mifugo?

MamaZuu: Wakuu, naomba ushauri. Binti yangu anaingia darasa la 11 hapa Minnesota na kazi anayoitaka ni moja tu, kutibu wanyama. Shuleni kapewa njia mbili: masomo ya AP, yaani ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari, au PSEO, yaani akasome chuo bila ada huku bado ni wa sekondari. Ipi imfae?

Mfugaji77: PSEO, usijiulize mara mbili. AP unasota mwaka mzima, halafu mtihani mmoja wa Mei ndio unaamua. Alama ni 1 hadi 5. Vyuo vingi vinakubali 3 kukupa krediti ya chuo, vingine vinataka 4 au 5. Bure unaikataaje?

Kalamu_Nyekundu: Mkuu, mtego uko hapo hapo kwenye bure. Akipata C ya kemia chuoni na miaka yake 16, hiyo C anazeeka nayo. Shule nyingi za udaktari wa mifugo zinapokea maombi kupitia VMCAS, mfumo wao wa pamoja wa maombi, na kule unapeleka transkripti ya kila chuo ulichokanyaga, hata cha enzi za sekondari. Gredi zote zinaingia kwenye GPA, wastani wako wa gredi. AP ikienda vibaya, alama unakaa nazo mwenyewe.

MamaZuu: Eh! Hilo la transkripti sikuambiwa na mtu.

Dkt_Moro: Sisi wa SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo Tanzania, tulitoka kidato cha sita moja kwa moja, miaka 5 una BVM yako, shahada ya udaktari wa mifugo. Huku ni chuo kwanza, kisha miaka 4 ya DVM, shahada ya huku ya udaktari wa mifugo, na krediti za mapema zinapunguza ile sehemu ya kwanza tu. Ningekuwa mimi, PSEO achukue uandishi na takwimu. Biolojia na kemia asome AP za kumpa msingi, chuoni aanze upya. Shule nyingine zinakubali krediti za AP kwa masomo ya sharti, nyingine zinadai somo la juu zaidi la fani hiyo, kwa hiyo soma masharti ya kila shule. Kemia ya oganiki na biokemia hazina AP kabisa, hizo atakutana nazo chuoni tu.

Mfugaji77: Haya, nusu ya maneno yangu nayarudisha. Bure ibaki kwa uandishi.

MamaZuu: Nimemsomea yote. Takwimu kakubali kwa shingo upande, uandishi kanuna. Sasa anauliza nani anajua shamba la ng'ombe karibu na St. Paul akajitolee wikendi.