Mrejesho: nyongeza ya mkataba wa mshauri mwelekezi, ujenzi wa gereza

Wakuu, nimerudi. Niliuliza namna ya kumwongezea muda mshauri mwelekezi anayesimamia ujenzi wa gereza letu, wakati huo mkataba umebakiza wiki tatu na bweni la wafungwa halijaezekwa. Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema nisingoje uishe, maana mkataba uliokwisha hauna cha kuongezwa. Kwa Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 ilibidi tuanzie Bodi ya Zabuni, chombo cha taasisi kinachoidhinisha manunuzi. Mwanasheria akahakiki, tukasaini zikiwa zimebaki siku mbili. Muda tumepata, miezi minne. Fedha za ziada tulizoomba tumepata nusu tu: daftari la saiti halikuonyesha siku walizofika wataalamu wawili wa mshauri. Kurasa tupu, zina mihuri tu! Limeniuma, nililiona mapema nikanyamaza. Sasa nalikagua kila Ijumaa, na kenchi zimeanza kupanda.